Nimecheza Mario tangu utotoni, mbona sioni inachofundisha?

"Shikamoo mwalimu. Ninatengeneza gemu ya simu. Kijana anakimbia juu ya mapaa ya mjini, anaruka mapengo, anateleza chini ya vizuizi, na akifika kwenye kamba anaishika na kubembea hadi upande wa pili. Mwanzoni nimeweka kurasa tatu za maelekezo, Kiswahili rahisi, na picha juu. Watu wanazipita bila kusoma, wanaanza kucheza, wanakufa kwenye pengo la kwanza au la pili, wanaifuta. Rafiki yangu ananiambia niondoe maelekezo yote nifanye kama Super Mario Bros., eti hatua yake ya kwanza inafundisha kila kitu bila neno hata moja. Hatua hiyo nimeicheza tangu nikiwa mtoto, na juzi nimeirudia makusudi nikitafuta hayo mafundisho. Sijaona kitu. Naona hatua nyepesi tu. Je, ni kweli inafundisha, au ni maneno ya watu? Na kama ni kweli, mimi nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kufika mahali ambapo gemu yako inachezwa na watu wengine. Wengi huishia kwenye wazo.

Umeuliza mambo mawili kwa pamoja: kama sifa ya hatua ile ni ya kweli, na kama unaweza kuiiga. Sifa ni ya kweli, ingawa rafiki yako ameitia chumvi. Kuiiga inawezekana kwa sehemu, na ile sehemu isiyowezekana ndiyo itakayokupotezea miezi usipoijua mapema. Nitakwenda taratibu, maana ukielewa kinachofanyika ndani ya hatua ile hutahitaji kuiiga, utajua cha kufanya na mapaa yako.

Kwanza, kwa nini huoni fundisho. Huoni kwa sababu umeshafundishwa. Mtu akishajua kusoma, hawezi tena kutazama neno akaona mistari mitupu. Litajisoma lenyewe kichwani mwake apende asipende. Wewe umeirudia hatua ile ukiwa na vidole vinavyojua kila tofali lilipo. Basi tuipite tena, na safari hii jifanye hujawahi kushika pedi ya gemu maishani mwako.

Unawasha. Mtu mdogo, Mario mwenyewe, amesimama upande wa kushoto wa skrini, uso wake umeelekea kulia. Mbele yake ni ardhi tupu. Juu kuna saa inayohesabu kushuka kutoka 400, lakini hakuna kinachomshambulia, kwa hiyo unaweza kubonyeza hiki na kile bila kuadhibiwa. Pedi ya Famicom, mashine ya kampuni ya Nintendo iliyochezesha gemu hii, ina msalaba wa mwelekeo na vitufe viwili vya vitendo. Ukienda kushoto, anafika ukingoni na kukwama. Ukienda kulia, dunia inaanza kusogea. Ukibonyeza kitufe kimoja, anaruka na mlio unasikika. Hujasoma chochote, na tayari unajua njia inaelekea wapi na mwili huu mpya unaweza nini. Kumsimamisha kushoto badala ya katikati ni uamuzi uliofikiriwa, kwa sababu nafasi iliyo wazi ndiyo inayomvuta mchezaji.

Mbele kidogo kinaning'inia kisanduku chenye alama ya kuuliza, kinametameta. Karibu wakati huohuo anatokea Goomba, kiumbe wa kahawia mwenye uso wa hasira, anakujia polepole. Una njia chache tu. Ukimgusa ubavuni unakufa, lakini kifo hiki ni cha bei rahisi: ulipoanzia ni hapo nyuma tu, umepoteza sekunde kadhaa, na una maisha matatu. Ukimruka ukakosea kipimo, kuna uwezekano mkubwa utamwangukia kichwani, naye anabonyea na kutoweka. Yaani hata kukosea kunakuonyesha jambo. Ukiruka mapema kuliko inavyotakiwa, huenda ukakigonga kile kisanduku kwa kichwa, sarafu ikachomoka, na mlio wake mwembamba ukakuambia kwamba kilichotokea ni kizuri. Milio ile ni kazi ya Koji Kondo, mtunzi wa muziki wa gemu hii, na inafanya nusu ya ualimu wote wa hatua ile. Zima sauti siku moja ucheze, utaona jinsi gemu inavyokuwa bubu.

Huyo Goomba ana historia inayokuhusu moja kwa moja. Watengenezaji walikuwa tayari wana kobe wao, Koopa Troopa. Kobe ukimkanyaga hafi, anaingia gambani, na gamba lenyewe unaweza kulipiga teke likaenda kuua wengine au likarudi kukuua wewe. Hayo ni mambo mawili kwa mpigo, na kwa mtu anayekutana na adui kwa mara ya kwanza ni mengi. Wakahitaji adui wa jambo moja: mkanyage, amekwisha. Goomba akaongezwa mwishoni mwa kazi, nafasi ikiwa imebaki kidogo sana (gemu nzima ni kilobaiti 40), hata kutembea kwake ni picha moja inayogeuzwa kushoto na kulia. Adui wa kwanza unayekutana naye alikuwa wa mwisho kutengenezwa. Kobe yeye humkuti hadi umepita nusu ya hatua, ukiwa umeshawakanyaga Goomba kadhaa.

Sasa uyoga, sehemu ninayoiona kuwa ya ustadi mkubwa kuliko zote. Mwaka 2015 Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, waliobuni gemu hii miaka 30 kabla, waliipitia hatua hii kipande kwa kipande mbele ya kamera na kueleza shida waliyokuwa nayo. Umeshamfundisha mchezaji kwamba kitu kinachotembea ardhini kinaua. Sasa unataka apokee kitu kingine kinachotembea ardhini, chenye umbo linalofanana na lile la adui, akijue kuwa ni zawadi. Akikikimbia, hatajua kamwe kwamba uyoga unamfanya Mario awe mkubwa. Ungekuwa wewe au mimi, tungeandika "chukua uyoga".

Wao walipanga matofali. Kuna mstari wa visanduku vitano, tofali na alama ya kuuliza zikipishana. Uyoga unatoka juu ya kile cha pili na kuanza kuteleza kwenda kulia, yaani unakuacha. Goomba alikujia, huu unaondoka, na kitu kinachoondoka hakitishi. Unafika mwisho wa mstari, unaanguka ardhini, unagonga bomba la kwanza, unageuka na kurudi ulipo. Wewe wakati huo mara nyingi bado uko chini ya ule mstari. Ukitaka kuuruka, kichwa kinagonga matofali yaliyo juu yako na unarudi chini, pengine juu yake. Wengi huupata bila kutaka. Mario anakua, mlio wa furaha unasikika, na kuanzia hapo kila uyoga utakaotokea mchezaji ataukimbilia. Bomba lile limewekwa pale lirudishe uyoga, na matofali yale yanafanya kazi ya dari. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, somo linavunjika.

Baada ya hapo mabomba yanapanda: la kwanza lina urefu wa matofali mawili, la pili matatu, la tatu manne. La kwanza unalipita kwa kugusa kitufe tu. La tatu hulipiti hivyo. Lazima ukishikilie kitufe ndipo Mario apande juu zaidi. Hakuna aliyekuambia kwamba muda wa kushikilia kitufe ndio unaopima urefu wa kuruka, lakini umezuiwa na ukuta, hakuna kinachokuua kwa haraka, na una nafasi ya kujaribu hadi kidole kielewe. Katikati ya mabomba anawekwa Goomba mmoja, kisha baadaye wawili wanaofuatana, ili kipimo kile ulichokipata ukitumie ukiwa na wasiwasi kidogo.

Na karibu na mwisho kuna ngazi. Hili ni jambo ambalo watu wanalipita bila kulitazama. Unakuta ngazi mbili za matofali zinazotazamana, moja inapanda, nyingine inashuka, na kati yake pana uwazi wa matofali mawili wenye ardhi chini. Ukiruka ukakosa, unadumbukia humo, unaruka tena unatoka. Mbele kidogo unakuta ngazi mbili nyingine, uwazi uleule wa matofali mawili, ila safari hii chini hakuna ardhi. Ni mruko uleule. Kilichobadilika ni bei ya kukosea. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumwonyesha mtu anayejifunza kubuni hatua, nitamwonyesha ngazi hizo nne.

Kwa hiyo utaratibu wenyewe ni huu: mchezaji anawekwa mahali ambapo jambo ambalo angelifanya kwa hulka yake ndilo linalomletea jibu, jibu linakuja papo hapo kwa macho na kwa masikio, na adhabu ya kukosea inaanza ikiwa ndogo, inapanda kadiri anavyozidi kujua. Wepesi wa hatua ile uliouona wewe ni matokeo ya mpangilio huo. Unaweza kutengeneza hatua nyepesi kuliko ile isiyofundisha kitu: tandika paa refu tambarare lisilo na pengo, mchezaji atafika mwisho akiwa hajui zaidi ya alipoanza.

Hapa niwe mkweli kuhusu chumvi ya rafiki yako. Hatua ile haifundishi kila kitu. Kitufe cha pili, kile cha kukimbia, hakihitajiki mahali popote; mashimo yake ni ya matofali mawili na matatu, yote yanarukika kwa mwendo wa kutembea, na unaweza kufika kwenye bendera ya mwisho wa hatua bila kukigusa. Bomba la nne linakupeleka chumba cha chini ya ardhi chenye sarafu ukisimama juu yake na kubonyeza chini, lakini hakuna ishara yoyote inayokuambia hivyo. Kabla ya shimo la kwanza kuna kisanduku kisichoonekana chenye uhai wa ziada. Wanaokipata ni wale wanaorukaruka ovyo, au walioambiwa. Na shimo la kwanza lenyewe linakuja mapema, kabla ya zile ngazi zenye ardhi salama, kwa hiyo kuna watu wengi waliojifunza kuhusu mashimo kwa kutumbukia.

Wala si kweli kwamba hapakuwa na neno. Gemu ilipotoka Japani tarehe 13 Septemba 1985 ilikuja na kijitabu kinachoeleza vitufe. Sisi wengi huku Afrika Mashariki ndio hatukukiona hicho kijitabu, kwa sababu tulikutana na Mario kwenye mashine za kuiga Famicom, zenye kaseti ya manjano au nyeusi iliyojazwa gemu nyingi na orodha ambayo nusu yake ni gemu zilezile kwa majina mengine. Na bado watoto walijua kuingia kwenye bomba. Walijuaje? Waliambiana. Sebuleni televisheni moja, pedi moja au mbili, watoto watano wanasubiri zamu, na anayesubiri hanyamazi: ruka, rudi, gonga hapo, ingia chini! Hatua ilifundisha kutembea, kuruka, kukanyaga na kuchukua. Yaliyobaki yalifundishwa na waliokaa pembeni. Gemu yako itachezwa na mtu mmoja ndani ya daladala, ameinamia kioo cha simu, hana wa kumpigia kelele. Hilo pengo lazima ulizibe wewe.

Kuna gemu nyingine inayofaa kutazamwa kwa kesi yako, kwa sababu mchezaji wake ana vitendo vingi zaidi: Mega Man X ya kampuni ya Capcom, iliyotoka Japani Desemba 1993 kwa Super Famicom, mashine iliyoifuata Famicom. Hatua yake ya mwanzo iko kwenye barabara kuu iliyoinuliwa. Unakutana na mashine kubwa inayoruka mfano wa nyuki. Ukiiharibu, inaanguka na kuibomoa barabara, nawe unajikuta umeshuka nayo kwenye shimo lenye kuta mbili. Hakuna ngazi. Unaruka, hufiki. Unajisukuma ukutani kwa kukata tamaa, na unaona shujaa wako anashuka polepole akiwa ameshikamana na ukuta badala ya kuanguka. Ukibonyeza kuruka hapohapo, anaupiga ukuta teke na kupanda. Umefungiwa mahali ambapo njia ya kutoka ni moja tu, na hakuna adui wa kukuharakisha.

Mwisho wa hatua hiyo kuna jambo la ujasiri zaidi. Anakuja adui aitwaye Vile ndani ya mtambo mkubwa, na huwezi kumshinda hata ufanye nini. Unapigwa hadi nguvu zinakaribia kwisha, ndipo mwenzako Zero anapofika kwa kasi na kuukata mkono wa mtambo kwa risasi aliyoikusanyia nguvu. Risasi ya kukusanya nguvu unayo na wewe tangu mwanzo. Sasa umeona inavyoweza kutikisa adui. Ile kasi yake ya kuteleza mbele huna bado, na umeitamani. Ukienda baadaye kwenye hatua ya adui aitwaye Chill Penguin, viatu vinavyokupa kasi ile viko katikati ya njia, huwezi kuvikosa. Kabla ya kumpa mchezaji kitendo, walimwonyesha kitendo hicho mikononi mwa mwingine. Kamba yako ya kubembea inaweza kufundishwa hivyohivyo: aone mtu mwingine akiipita kabla yake, hata kama ni tumbili.

Tukija kwenye simu yako, hapa ndipo kuiga kunakwama. Mwenye pedi ana vitufe anavyoviona na kuvigusa. Hata asiyejua lolote atavijaribu vyote ndani ya dakika moja, kwa sababu vinahesabika. Kioo cha simu hakihesabiki. Mtu anaweza kugusa, kugusa mara mbili, kushikilia, kuburuta juu, chini, kando, kwa kidole kimoja au viwili, na hakuna kinachomwambia kipi kina maana. Kuruka kwa kugusa atakugundua mwenyewe, kwa sababu kugusa ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mtu hufanya na kioo. Kuteleza kwa kuburuta kidole chini, wengi hawatakugundua hata ukiwafungia mbele ya kizuizi siku nzima. Kwa hiyo usiondoe maelekezo yote kwa kufuata sifa ya Mario. Kilichoua kurasa zako tatu ni wakati wake: zinakuja kabla mtu hajawa na swali. Anasoma kuhusu kamba ambayo hajaiona, kwa ajili ya shida ambayo hajaipata. Hata angesoma, asingekumbuka.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Kurasa zote tatu ziondoke. Gemu ifunguke kijana amesimama juu ya paa, kushoto, asianze kukimbia hadi mtu aguse kioo. Kizuizi cha kwanza kiwe ukuta mfupi, wala pengo lisiwepo bado. Akishindwa, asimame tu pale akiugonga, ajaribu tena. Ukuta wa pili uwe mrefu kidogo, utake kidole kishikiliwe, kama kuruka kwako kunapimwa hivyo. Pengo la kwanza liwe na kibaraza chini yake, mahali pa kuangukia na kupanda tena. La pili, upana uleule kabisa, lisiwe nacho. Sikiliza hapa: upana uleule. Usimwongezee ugumu na hatari kwa wakati mmoja, maana akifa hatajua amekosea nini.

Kuteleza ndiko kuwe na msaada wa picha. Kijana anafika kwenye boriti lililo chini sana, anasimama mwenyewe, na kivuli cha kidole kinaonekana juu ya kioo kikiburuta kwenda chini. Akifanya, kivuli kinatoweka na hakirudi. Akifanya bila kukisubiri, kisionekane kabisa. Hayo ni maelekezo, ndiyo, ila yamekuja pale shida ilipo na yameondoka shida ilipokwisha. Neno moja la Kiswahili chini yake, "teleza", halitaharibu kitu. Kuna wabunifu wanaoona aibu kuweka neno lolote. Mimi naona aibu ni mtu kuifuta gemu yako kwa sababu ya jambo ambalo neno moja lingeliponya.

Kamba, iachie hatua ya pili. Najua ndiyo unayoipenda zaidi na unataka watu waione mapema. Basi waonyeshe kwa tumbili, au kwa mtu anayepita nyuma kwenye mapaa ya mbali, kisha uwape wenyewe wakishazoea mambo mawili ya kwanza. Kamba ya kwanza ining'inie juu ya paa, si juu ya pengo.

Na hakikisha akifa anarudi mchezoni mara moja, karibu na alipofia. Umesema watu wanakufa kwenye pengo la kwanza au la pili halafu wanaifuta. Nataka ujue wanachokiona kati ya kufa na kurudi. Kama kuna tangazo, ukurasa wa alama, kitufe cha "jaribu tena" na sekunde za kupakia, basi umekipandisha bei kifo cha kwanza, na watu wanakataa kulipa. Matangazo yasubiri hadi mchezaji awe amemaliza hatua ya kwanza angalau.

Hatua hii ya kwanza itengeneze mwisho. Unayo sasa, lakini uliitengeneza kabla hujajua gemu yako ni nini. Kumbuka Goomba. Ukishakuwa na hatua tano sita unazoziamini, utajua ni ujuzi gani hasa mchezaji anauhitaji, na hapo ndipo urudi mwanzo ukaubomoe na kuujenga upya.

Kisha uipime kwa watu, na hii ndiyo kazi ambayo hakuna kitabu wala jibu langu litakayokufanyia. Satoru Iwata, aliyekuja kuwa rais wa Nintendo, alisimulia jinsi Miyamoto alivyokuwa akimchukua mfanyakazi asiyehusika na gemu, anamkabidhi pedi, kisha anasimama nyuma ya bega lake na kutazama bila kusema neno. Akikwama mahali, Miyamoto anajua kosa ni la gemu. Fanya hivyo. Mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona gemu yako, umwambie tu "cheza", unyamaze. Atakuuliza. Usijibu, mwambie ajaribu anavyoona. Itakuuma, mkono utakuwasha kumwonyesha, jizuie, kwa sababu ukimwonyesha mara moja umepoteza mpimaji, na hawezi kuwa mgeni tena. Andika kidole chake cha kwanza kilikwenda wapi, alikufa wapi mara mbili mfululizo, na uso wake ulikuwaje. Ukiona anacheka alipokufa, pengo lako halina tatizo. Ukiona anatazama simu kwa mshangao, hakuelewa kilichomuua, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Mtu mmoja akikwama, angalia. Wakikwama watatu mahali pamoja, badilisha kitu kimoja tu, kisha utafute wageni wengine watatu. Usitumie ndugu wa nyumbani waliokuona ukiitengeneza, na usitumie watengenezaji wenzako peke yao, kwa maana hao wana vidole kama vyako. Nenda saluni, nenda kijiwe cha bodaboda mchana kazi ikiwa imepungua, nenda kibanda cha gemu mtaani kwenu ukazungumze na mwenye kibanda. Watoto ni wapimaji wazuri mno, ila upate ruhusa ya mzazi kwanza, na usirekodi sura zao.

Yapo mambo ambayo kwa maandishi siwezi kuyaona. Kama watu wanasema "nimegusa lakini hakuruka", huenda kasoro haiko kwenye hatua, iko kwenye kuchelewa kati ya kidole na kijana, na hakuna mpangilio wa mapaa utakaoiponya. Hilo litaonekana zaidi kwenye simu za bei nafuu kuliko kwenye yako. Tafuta mtaalamu wa programu akae nawe, mwangalie simu hizo zikicheza mbele yenu. Vivyo hivyo kama umeshabadilisha sehemu ileile mara nyingi na wageni bado wanafia hapo, au kama baadhi ya wachezaji hawatofautishi boriti la hatari na ukuta wa kawaida. Huenda umetegemea rangi mbili ambazo si kila jicho linazitenganisha. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kuna watengenezaji wa gemu wanaokutana na kupimiana kazi, na vyuo vinavyofundisha kompyuta huwa na mwalimu mmoja au wawili wanaolipenda jambo hili. Ukimpata mmoja wao, mpelekee simu ikiwa imewashwa kwenye hatua ya kwanza, na usimweleze chochote hadi amalize kucheza.